Kubadilisha kompresa ya kiyoyozi cha gari nyumbani, Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, joto la kaskazi linapofikia kilele chake, watu wengi hapa Malindi hugundua kwamba kiyoyozi cha gari kinapuliza hewa ya moto, na jibu wanalopewa gerejini mara nyingi ni moja tu: kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, imekufa. Nimebadilisha kompresa za magari yangu na ya jamaa zangu hapa uani kwangu kwa miaka kadhaa, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi. Nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa hugharimu pesa au afya, na kwa ufupi pale ambapo kazi ni ya kufungua na kufunga tu. Nisipotaja aina ya gari, nina maana ya gari dogo la petroli lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika, kama vile Toyota Probox au Fielder, kwa kuwa magari ya namna hiyo ndiyo mengi katika barabara zetu.

Nitajuaje kwamba kompresa ndiyo iliyoharibika, na si gesi iliyopungua?

Nimeliweka swali hili mbele kwa sababu nimeona kompresa nzima zikitupwa. Mfumo wa kiyoyozi una swichi ya shinikizo ambayo huizuia klachi ya kompresa (sahani inayovutwa kwa sumaku ya umeme na kuiunganisha kompresa na puli inayozungushwa na injini) isishike gesi inapokuwa chache, katika magari mengi shinikizo likishuka chini ya baa 2 hivi (baa ni kipimo cha shinikizo), ili kompresa isizunguke bila ulainisho, kwa maana oili yake husafiri pamoja na gesi. Kwa hiyo mtu hubonyeza kitufe cha AC, asisikie ule mlio mfupi wa klachi kushika, kisha huambiwa anunue kompresa, ilhali tatizo ni uvujaji mdogo kwenye kiungo cha paipu.

Anza na fyuzi na rilei, kisha unganisha geji za gesi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, geji zote mbili zinapaswa kusoma sawa, na kwa joto la nyuzi 30 gesi ya R-134a, ambayo ndiyo ya kupoozea katika magari haya, hukaa kwenye baa 6.7 hivi. Zikisoma baa 1 au 2, gesi ndiyo iliyopotea, na kazi yako ya kwanza ni kutafuta ilikopitia. Ikiwa shinikizo lipo na klachi haishiki, pima koili ya klachi kwa mita ya umeme: omu 3 hadi 5 ni usomaji wa kawaida, na koili iliyokatika haionyeshi njia yoyote. Kompresa iliyochoka kwa ndani hujulikana injini ikiwa inazunguka na klachi imeshika, kwani geji ya upande wa shinikizo dogo hubaki juu, ile ya upande wa shinikizo kubwa haipandi, na zote mbili hukaribiana.

Kompresa yangu inapiga kelele. Je, lazima niibadilishe yote?

Sikiliza kelele hiyo AC ikiwa imezimwa. Puli ya kompresa huzunguka wakati wote injini inapowaka, hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kwa hiyo mvumo unaosikika AC ikiwa imezimwa na kubadilika inapowashwa kwa kawaida ni wa beringi ya puli. Beringi hiyo, pamoja na koili na sahani ya klachi, inaweza kubadilishwa bila kufungua mfumo wa gesi hata kidogo, ikiwa nafasi inatosha kuifikia. Kelele ya kugonga au kusaga inayoanza pale tu klachi inaposhika hutoka ndani ya kompresa, na hiyo haina tiba ya nyumbani.

Nikishanunua kompresa nyingine, naweza kuifunga mara moja?

Tafadhali usiifunge kabla hujajua ya kwanza ilikufa kwa nini, kwa sababu kompresa ni nadra kufa peke yake. Hapa kwetu nimekutana na sababu tatu zaidi ya nyingine zote.

Ya kwanza ni feni ya kondensa (rejeta ya kiyoyozi inayotoa joto la gesi nje) isiyozunguka, au inayozunguka polepole. Gari likiwa katika mwendo kwenye barabara ya Mombasa, upepo huipooza kondensa na dereva haoni tatizo lolote. Akiingia mjini na kusimama sokoni, shinikizo hupanda mno na kompresa husukuma kama inayosukuma ukuta. Ya pili ni chumvi. Kondensa imekaa mbele kabisa ya gari, nayo hupokea hewa ya bahari usiku na mchana, mapezi yake ya alumini yakiliwa hadi yanavunjika kwa kidole. Kondensa ya namna hiyo haiwezi kutoa joto hata kama feni ni nzima. Ya tatu ni uvujaji wa polepole ambao mwenye gari huutibu kwa kuongeza gesi kila baada ya miezi michache, na kila gesi inapotoka huchukua oili kidogo, ambayo hakuna anayekumbuka kuirudisha.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii sikuuliza swali hili. Nilifunga kompresa niliyoinunua kwa akiba ya miezi mitatu, nikafurahia baridi kwa wiki sita hivi, kisha ikakwama, kwa sababu feni iliyoiua ile ya kwanza ilikuwa bado palepale, inazunguka kwa uvivu uleule.

Je, naweza kuiachilia gesi ya zamani hewani ili niendelee na kazi?

Hapana, na katika jambo hili sina njia ya mkato ya kukupa. R-134a ndiyo gesi iliyochukua nafasi ya R-12 katika magari miaka ya 1990, baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kuanza kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Haiharibu ozoni, lakini kwa kipindi cha miaka 100 uzito wake hupasha joto angahewa takriban mara 1,430 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi, na ndiyo sababu ikaingizwa katika marekebisho ya itifaki hiyo yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Sisi tunaoishi katika mji ambao bahari iko hatua chache kutoka barabarani tuna sababu ya kulijali jambo hili.

Ipo pia hatari ya papo hapo. Gesi hii huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikitoka kwa nguvu na kukupata mkononi au jichoni huunguza kwa baridi. Ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, ndani ya shimo la gereji au banda lililofungwa, na kumnyima mtu pumzi. Ikipita kwenye moto hugeuka kuwa mvuke wa asidi unaochoma mapafu. Peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, umlipe kwa kazi hiyo, kisha ulirudishe nyumbani likiwa tupu. Gari huendeshwa vizuri tu bila gesi ya kiyoyozi, mradi usiwashe AC.

Ninunue kompresa mpya au iliyotumika kutoka Japani?

Mpya ni bora ikiwa uwezo upo. Iliyotumika si mbaya ukiichagua kwa makini, na wengi wetu ndiyo tunayoimudu. Nenda dukani na kompresa yako ya zamani mkononi, ulinganishe namba ya kwenye kibati, idadi ya mifereji ya puli, umbo la plagi ya umeme, na mahali pa kuingilia paipu, kwa kuwa magari mawili yenye jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na kompresa tofauti.

Ya kutumika izungushe kwa mkono kwenye sahani ya klachi, wala si kwenye puli. Inapaswa kwenda kwa ulaini huku ukihisi ukinzani ulio sawa, bila kukwaruza na bila kukwama mahali pamoja. Kisha angalia matundu yake. Ikiwa yalikuwa wazi juu ya rafu, bila vifuniko, iache hata kama bei inavutia, kwa sababu hewa yetu yenye unyevu na chumvi imekuwa ikiingia humo kwa muda usiojulikana. Oili ikimwagika kidogo kwenye karatasi nyeupe na kuonekana nyeusi au yenye kung'aa kwa vumbi la chuma, iache pia.

Kuitoa na kuifunga kompresa kuna ugumu gani?

Hii ndiyo sehemu nyepesi, na mtu aliyewahi kubadilisha alteneta ataimudu. Usiku wa kabla, zipulizie bolti dawa ya kulegeza kutu, kwa sababu bolti za chuma zilizoingia katika alumini hapa pwani hushikana kwa namna ambayo fundi wa bara haijui, na ukizilazimisha unavunja sikio la kompresa au, vibaya zaidi, la injini. Asubuhi ondoa waya hasi wa betri, inua gari na uliweke juu ya stendi imara. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Piga picha ya jinsi mkanda unavyopita, kisha ulegeze na kuutoa. Katika injini nyingi za magari haya mkanda hukazwa kwa kusogeza alteneta. Chomoa plagi ya klachi. Fungua bolti ya kila paipu, moja baada ya nyingine, ukiwa umevaa miwani na glavu hata kama umeambiwa kwamba mfumo ni mtupu, na uzilegeze polepole ili mabaki ya gesi yatoke bila kukurukia. Mara paipu inapotoka, ifunike kwa plastiki na mpira. Usiiache wazi wakati ukienda kunywa chai. Mwisho fungua bolti zinazoishikilia kompresa, ambazo mara nyingi ni tatu au nne, huku mwenzako akiishika kutoka chini, kwa kuwa ina uzito wa kilo tano hivi na huanguka bila taarifa.

Wakati wa kurudisha, weka O-ringi mpya za mpira unaofaa kwa R-134a, ambazo mara nyingi ni za rangi ya kijani, na uzipake oili ya kompresa kabla ya kuzivalisha. Za zamani zimeshabonyea na kuchukua umbo la kiungo, na hazitaziba tena.

Oili iwe ya aina gani, na kiasi gani?

Aina imeandikwa kwenye kibati cha kompresa. Kompresa za Denso zilizo katika Toyota nyingi zinazotumia R-134a hutumia oili ya PAG 46 (PAG ni aina ya oili ya kompresa, na namba huonyesha uzito wake), na nyingine hutaka PAG 100 au PAG 150, ambazo ni nzito zaidi. Usichanganye, wala usitumie oili ya injini kwa hoja kwamba zote ni oili.

Kuhusu kiasi, ikiwa paipu na kondensa zimebaki zilezile, mimina oili ya kompresa ya zamani katika chombo chenye vipimo na uandike mililita zilizotoka. Kompresa mpya mara nyingi huja na oili ya kutosha mfumo mzima, kwa hiyo imwage, kisha rudisha kiasi kile kile kilichotoka katika ya zamani pamoja na kidogo cha kufidia draya mpya, yaani kikausha unyevu cha mfumo. Ukiiacha na oili yote, mfumo utakuwa na oili kupita kiasi, nayo itatanda ndani ya ivaporeta (kipoozi kilicho ndani ya dashibodi) na kupunguza baridi. Ikiwa ya zamani imetoa matone tu kwa sababu ya uvujaji, fuata kipimo cha kitabu cha gari. Kabla ya kuwasha injini, zungusha sahani ya klachi kwa mkono mara kumi hivi ili oili iliyotulia chini isibanwe yote kwa mpigo mmoja.

Oili ya PAG hunyonya maji kutoka hewani. Kopo likifunguliwa lifungwe papo hapo, na lililobaki wazi tangu kusi iliyopita lisitumike.

Draya ni lazima ibadilishwe?

Ndiyo, kila mara mfumo unapofunguliwa. Nilibishana juu ya hili na fundi mzee aliyenifundisha kazi. Nilimwambia, "Ami, draya hii bado inaonekana nzuri, na pesa zenyewe zimekwisha." Akanijibu, "Mwanangu, kilichojaa ndani hakionekani kwa nje. Hewa ya hapa ni maji matupu." Ndani ya draya mna punje za kukausha ambazo kazi yake ni kushika unyevu, zikishashiba haziwezi kushika tena, na unyevu unaobaki hukutana na gesi na oili na kutengeneza asidi inayokula kompresa mpya, au huganda katika tundu dogo la valvu ya upanuzi, ambayo hupunguza shinikizo la gesi kabla ya kuingia ivaporeta, na kuziba njia. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni draya si kopo la pekee bali ni mfuko ulio ndani ya bomba la kando la kondensa, na hufunguliwa kwa kifuniko cha chini.

Nimekuta vumbi la chuma ndani ya paipu. Nifanyeje?

Basi kompresa yako ilisagika, na kazi imekuwa kubwa zaidi. Vumbi hilo limekwenda hadi kwenye kondensa, na kondensa za sasa zina njia nyembamba nyingi zinazokwenda sambamba, kiasi kwamba dawa ya kusafishia hupita katika zilizo wazi na kuziacha zilizoziba. Badilisha kondensa na valvu ya upanuzi, na uzisafishe paipu na ivaporeta kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, kisha uzikaushe kwa naitrojeni. Nimewaona watu wakisafisha kwa petroli. Petroli huharibu mipira, huacha mabaki yanayochanganyika na oili, na mvuke wake ndani ya ivaporeta upo karibu kabisa na pua za abiria na nyaya za umeme.

Kwa nini mnasisitiza vakyumu, na ichukue muda gani?

Vakyumu, yaani kuufyonza mfumo kwa pampu hadi ubaki mtupu, haitoi hewa tu, bali hutoa maji. Kwa joto la nyuzi 30, maji huchemka shinikizo likishuka hadi milimita 32 za zebaki, yaani takriban sehemu moja ya ishirini na nne ya shinikizo la hewa ya pwani, na yakishachemka pampu huyavuta yakiwa mvuke. Pampu isiyofika hapo huyaacha maji yalipo hata ikiunguruma kutwa, na ndiyo maana kompresa ya friji kuukuu, ambayo baadhi ya mafundi huitumia mahali pa pampu, mara nyingi haitoshi.

Iache pampu ifanye kazi kwa dakika 45 hadi saa nzima, kisha funga valvu za geji, zima pampu, na usubiri nusu saa. Sindano ikipanda, pana tundu au pana maji yaliyobaki, na gesi isiwekwe. Sisi tuliopo usawa wa bahari tunatarajia geji ikaribie sentimita 76 za zebaki, ambazo ni inchi 30 hivi. Fundi wa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huridhika na inchi 24 na ushei, naye yuko sahihi kwa huko. Akikuambia kwa simu kwamba 24 zinatosha, mkumbushe kwamba wewe uko Malindi.

Nijaze gesi kiasi gani?

Kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, kwa gramu, kikipimwa kwa mizani. Kujaza kwa kugusa paipu na kusikiliza ubaridi ni kubahatisha, na katika joto letu gesi ikizidi hata kwa gramu mia hupandisha shinikizo na kuidhoofisha kompresa uliyoihangaikia. Injini ikiwa inazunguka, gesi iingie kupitia upande wa shinikizo dogo tu, kopo likiwa limesimama wima ili uingie mvuke na si kimiminika, kwa kuwa kimiminika hakibanwi na kinaweza kuvunja valvu za kompresa. Valvu ya upande wa shinikizo kubwa isifunguliwe kabisa wakati injini inazunguka, kwa sababu shinikizo hilo litarudi ndani ya kopo na kulipasua mkononi mwako.

Ushauri wangu ni kwamba, kama huna mizani na pampu, fanya kazi ya spana nyumbani na upeleke gari kwa vakyumu na gesi. Hata hivyo utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama ya ufundi. Magari mapya zaidi yanayotumia gesi ya R-1234yf, ambayo ina viungo tofauti na huweza kushika moto, yaachiwe wenye vifaa vyake.

Je, gesi ya kupikia inaweza kutumika badala ya R-134a?

Itapooza, na ndiyo maana wapo wanaoiweka. Lakini ivaporeta imo ndani ya dashibodi, na ikivuja, gesi inayolipuka itajaa ndani ya gari lililofungwa vioo pamoja na watoto wako. Usikubali.

Gari langu ni haibridi. Maelezo haya yananihusu?

Hayakuhusu, na tafadhali usijaribu. Kompresa ya Toyota Aqua au Prius huendeshwa na umeme wa betri kubwa, volti 144 katika Aqua na takriban 200 katika Prius, kupitia nyaya za rangi ya machungwa, na umeme huo unaua. Hata oili yake ni tofauti: hutumia oili ya esta isiyopitisha umeme, na PAG kidogo tu ikiingia huweza kufanya umeme uvuje hadi kwenye bodi na gari kukataa kuwaka.

Kompresa mpya niitunzeje?

Ukitoka kuendesha ufukweni au kwenye barabara ya vumbi, isuuze kondensa kwa maji baridi ya bomba yasiyo na nguvu nyingi, kwa kuwa mashine ya kuoshea hulaza mapezi yake. Kagua feni mara kwa mara. Na katika miezi ya kusi, hewa inapopoa na watu wakiteremsha vioo badala ya kutumia kiyoyozi, washa AC kwa dakika kumi kila wiki, ili oili izunguke na sili ya mhimili wa kompresa ibaki imelowa. Sili ikikaa kavu kuanzia Juni hadi Septemba, gesi huanza kutoroka kupitia hapo, taratibu, bila doa linaloonekana kwa urahisi.